Kuhamia Kigoma: mwongozo kamili wa kuishi na kulinda afya kando ya ziwa

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimekulia maji ya chumvi, najua bamvua na maji mafu, najua kusi na kaskazi, na nilipopata kazi Kigoma, magharibi mwa Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, nikajiambia pwani ni pwani. Mwezi wangu wa tatu huko nilikuwa kitandani na homa isiyo na jina, tumbo linakata, kikohozi kikavu, na daktari ananiuliza swali ambalo Mombasa hakuna aliyewahi kuniuliza: "Huwa unaogelea wapi?"

Namwandikia mgeni kama mimi: Mkenya, Mganda, Mkongo au Mrundi mwenye kibali, au Mtanzania aliyerudi baada ya miaka mingi ughaibuni.

Kabla ya yote, rekebisha saa yako kichwani. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini inatumia saa ileile ya Dar es Salaam. Mombasa jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi. Kigoma huzama karibu na saa moja jioni, na asubuhi huchomoza karibu na saa moja vilevile. Jua la utosi ni saa saba, si saa sita. Mwanzoni nililichukulia kama jambo la kusimulia tu nyumbani. Kumbe mbu, konokono wa ziwani na wavuvi hawana habari na saa ya ukutani, wote wanafuata jua, na ushauri mwingi ulio hapa chini unategemea kujua jua liko wapi.

Hatua ya 1: Kabla ya kufunga mizigo

Choma chanjo ya homa ya manjano walau siku 10 kabla ya safari na utunze ile kadi. Kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo kadi huulizwa pa kuingilia, na ukishakaa Kigoma utaihitaji tena siku utakapotaka kuvuka kwenda Kalemie, Uvira au Bujumbura. Sindano moja inatosha maisha. Hakikisha pia pepopunda, homa ya ini na taifodi.

Ziba meno mabovu ukiwa kwenu. Chukua miwani ya pili. Kama una dawa za kudumu za presha, sukari au pumu, njoo na za miezi mitatu pamoja na karatasi ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni, kwa sababu famasi ya Kigoma inaweza kuwa na dawa ileile ndani ya boksi la rangi nyingine.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Kibali cha ukaazi kina madaraja: A kwa mwekezaji, B kwa mwajiriwa, C kwa wengine kama wanafunzi na wa kujitolea. Usianze kazi kwa pasi ya matembezi, hata mwajiri akikuambia "tutarekebisha". Mwaka 2025 serikali ilizuia raia wa kigeni kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa pesa kwa simu na ufundi wa simu, kwa hiyo ile ndoto ya kujiongezea kipato kwa kibanda iache kwenu. Mwaka huohuo ilipigwa marufuku kudai au kupokea fedha za kigeni kwa malipo ya ndani ya nchi. Mwenye nyumba akikutajia kodi kwa dola, mwambie taratibu muandikiane kwa shilingi.

Hatua ya 2: Nyumba

Kila mgeni anataka nyumba inayogusa maji. Nilitaka hivyo hivyo. Sasa sikiliza: Ziwa Tanganyika halina kujaa na kupwa kwa kila siku kama bahari, na hapo ndipo tunapodanganyika. Linapanda polepole kwa miaka, kisha linakaa. Mto pekee unaolitoa maji ni Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo, na maji mengi huondoka kwa kufyonzwa na jua tu. Mvua zikizidi misimu kadhaa mfululizo, ziwa halina pa kuharakia. Miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, lilipanda likaingia kwenye nyumba na majengo ya kando yake.

Kwa hiyo ukienda kutazama nyumba iliyo karibu na ufuo, usitazame sebule kwanza. Zunguka nyuma, tazama ukuta chini. Rangi mpya iliyopakwa hadi usawa wa goti pekee inakuambia kitu. Kisha muulize jirani, si dalali, maji yalifika wapi mara ya mwisho. Mimi nilionyeshwa nyumba nzuri sana yenye mwembe, na mtoto wa jirani akanionyesha kwa mguu jiwe ambalo mamake alikuwa akifulia nguo 2024, hatua tano kutoka mlangoni. Nikashukuru, nikapanda mlimani.

Mtaa wa Mwanga una soko, makelele na kila kitu karibu. Ujiji uko kilomita chache kusini, mji wa kale wenye miembe na misikiti, maisha ya taratibu. Mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale Mombasa atajihisi kwao. Bangwe ni rasi, ziwa liko pande mbili, upepo mzuri. Popote utakapochagua, uliza haya kabla ya kutoa hela: maji ya bomba hutoka siku zipi? Kuna tangi, na limefunikwa? Madirisha yana nyavu zisizotoboka? Mita ya umeme na ya maji zina deni la mpangaji aliyepita? La deni usilipuuze. Mita haijui nani alikula umeme. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, hivyo njoo na akiba.

Hatua ya 3: Maji ya ndani

Ziwa lenye kina kinachokaribia mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, limekaa mbele yako, na bado utabeba ndoo. Maji ya bomba huja kwa zamu katika mitaa mingi. Jaza tangi yanapokuja, na weka ndoo mbili zenye vifuniko jikoni: moja ya kunywa, moja ya kupikia na kuosha vyombo. Ya kunywa chemsha mpaka yatokote sawasawa, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, uyachote kwa kikombe chenye mkono mrefu. Bora zaidi ndoo yenye koki. Nimeona watu wanachemsha maji kwa uangalifu wote kisha kila anayepita anazamisha kikombe na vidole vyake.

Kipindupindu si hadithi huku. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, kililipuka. Ukipata kuhara kama maji ya mchele usisubiri kesho. Wakati unatafuta usafiri wa kwenda hospitali, anza kunywa: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu. Chumvi ikizidi inadhuru, hivyo usipime kwa macho. Pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari uliopimwa tayari, ni bei ya chini, ziwe nne ndani ya kabati daima.

Hatua ya 4: Mbu na homa

Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi Tanzania. Mtu wa Nairobi au aliyekaa Ulaya miaka kumi hana kinga yoyote ya kujivunia, na hata sisi wa pwani kinga yetu hupungua tukikaa mbali. Zungumza na daktari kuhusu dawa ya kukinga kwa miezi ya mwanzo.

Chandarua chenye dawa, kila usiku, kimechomekwa chini ya godoro. Siyo kining'inie kama pazia la bibi harusi. Na hapa ndipo ile habari ya saa inapoingia: mbu wa malaria huanza kuuma giza likiingia, nawe umezoea kwamba saa kumi na mbili na nusu ndiyo muda wa kufunga madirisha. Kigoma muda huo bado jua linang'aa juu ya milima ya Kongo, watu wako barazani, hewa imepoa, unajiona salama. Unasahau kufunga. Saa moja na robo giza linaingia kwa ghafla, ukikumbuka madirisha wageni wako ndani tayari. Nimeweka kengele kwenye simu, saa moja kasoro dakika kumi.

Ukipata homa, pima siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidole na majibu ndani ya dakika 20 hivi. Kikiwa hasi na homa haishuki, rudia kesho yake. Kikiwa chanya, mtu mzima wa kilo 35 na zaidi asiye na dalili mbaya hupewa dawa ya mseto (ALu), vidonge 24: vinne papo hapo, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Viishe vyote. Kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi: mseto hufyonzwa vizuri ukila na mafuta. Mkoa huu una mawese, hivyo tatizo hilo limekwisha. Mimi nilimezea baada ya maharage yaliyoungwa mawese, mchuzi mwekundu mpaka kwenye kucha. Mjamzito, mtoto mdogo, anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa au kupata degedege: hospitali moja kwa moja, si duka la dawa.

Halafu kuna ugonjwa wa "taifodi kidogo". Kila mgeni atakutana nao. Unaenda na uchovu, unachukuliwa damu, unaambiwa una taifodi kidogo, unapewa sindano za siku tano. Kile kipimo cha damu kinachotumika sana hukosea mara nyingi, kinaweza kuonyesha ulichopata zamani au chanjo. Zahanati moja ilinitibu taifodi mara mbili kabla mtu hajaniuliza juu ya ziwa. Uliza kwa heshima: "Daktari, tunaweza kuotesha damu au choo kuhakikisha?" Na usinunue antibayotiki kwa kumtajia muuza duka dalili zako.

Hatua ya 5: Kuogelea bila kuleta kichocho nyumbani

Mkitoka baharini mmezoea kuogopa mkondo. Maji ya Tanganyika ni mazuri kupita kiasi: masafi, vuguvugu, samaki wa rangi wanapita kati ya mawe. Ila maji matamu yana konokono, na konokono ndiye mwenye nyumba ya kichocho.

Mzunguko uko hivi. Mtu mwenye kichocho cha tumbo anajisaidia kando ya ziwa au choo chake kinavuja, mayai yanaingia majini. Yanaanguliwa, vijidudu vinamtafuta konokono fulani, vinazaliana ndani yake wiki kadhaa. Kisha jua likipanda, konokono anavitoa kwa maelfu, vidogo visivyoonekana kwa jicho. Vinaishi majini siku moja hadi mbili vikitafuta ngozi. Vikikupata vinapenya ndani ya dakika chache, bila jeraha, bila maumivu ya kukustua. Huhitaji kunywa maji. Kuloweka miguu tu ukipiga soga kunatosha.

Kutokana na hilo unapata kanuni zote, huna haja ya kukariri:

Pasipo na konokono hatari inapungua. Epuka matete, majani ya majini, kona zilizotulia, midomo ya vijito, na mahali watu wanapofulia na kuoshea vyombo. Ufuo wa mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi, mbali na makazi, ni afadhali. "Afadhali" nimeitumia kwa makusudi. Wenye fukwe watakuambia kwao hakuna kichocho. Wanaamini wanachosema, lakini mawe pia hushikwa na konokono na maji hayana ukuta.

Vijidudu vinatoka kwa wingi kukiwa na jua kali. Kigoma utosi ni saa saba, hivyo kati ya saa tano na saa tisa kaa kivulini ule muwa. Mimi huingia saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya vilima na ziwa limelala. Nafika, nazama, natoka baada ya dakika kumi na tano, najikausha kwa taulo kwa kusugua mpaka ngozi inalia. Kujikausha hakukuhakikishii kitu, hupunguza tu.

Ukitumia maji ya ziwa kuogea nyumbani, yaache ndooni siku mbili kamili bila konokono ndani, au yapashe moto mpaka nyuzi 50 kwa dakika tano. Vijidudu hufa.

Sasa dalili. Siku ya kwanza au ya pili unaweza kupata muwasho wa vipele, wengi hawapati kitu. Wiki mbili hadi nane baadaye huja homa, kikohozi kikavu, uchovu, tumbo, na ndiyo iliyonilaza. Wengine hawaumwi kabisa kwa miaka, huku ini likiharibika kimyakimya. Kwa hiyo usisubiri kuumwa. Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600. Inaua minyoo iliyokomaa lakini michanga inaponyoka, ndiyo maana kumeza siku ya pili baada ya kuogelea ni kupoteza dawa. Subiri wiki sita hadi nane baada ya kugusa maji mara ya mwisho, upime, umeze kwa ushauri wa daktari. Kipimo cha choo nacho kinaweza kukosa mayai yakiwa machache. Mwambie daktari wazi kwamba unaogelea ziwani. Meza ukiwa umeshiba, na siku hiyo usipange kuendesha pikipiki: nilisikia kizunguzungu na chungu mdomoni kama nimelamba betri.

Mamba wapo, hasa kwenye midomo ya mito kama Luiche na Malagarasi. Waulize wavuvi wa hapohapo, leo, si wa mwaka jana. Yuko pia nyoka wa majini wa jamii ya swila, mwenye pete nyeusi shingoni, anayekula samaki kwenye miamba. Ana sumu kali na aibu kubwa. Akipita, mwache apite.

Hatua ya 6: Soko na jiko

Nenda soko la samaki la Kibirizi asubuhi na mapema. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, bei inapanda. Tangu nijue hilo nanunua mwezi ukiwa mwembamba. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na ndipo nilipojifunza kuweka akiba.

Kuchagua dagaa: chukua mmoja, mvunje. Akatike kwa sauti, asipinde. Mtafune. Ukisikia mchanga kwenye jino, alianikwa chini, na pale chini wamepita kuku, mbwa na watoto. Wa kwenye kichanja ni ghali kidogo, ana mng'ao wa fedha na harufu safi. Nilipomtafuna wa kwanza mama muuzaji akacheka: "Baba, wewe si mgeni tena." Nilinunua visado viwili kwa sababu ya hiyo sentensi.

Mgebuka mbichi awe na macho yaliyovimba na matamvua mekundu. Ugali wa muhogo utakuzoesha wenyewe. Ukiulizwa kama unakula sombe, ni kisamvu chako kilekile kwa jina la ng'ambo ya ziwa. Beba kikapu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Hatua ya 7: Panga hospitali ukiwa mzima

Wiki ya kwanza, ukiwa huumwi kitu, panda bajaji uende Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ujue lango la dharura, wapi panafunguliwa faili, maabara iko upande gani. Fanya hivyo pia kwa kituo kilicho karibu na nyumba yako.

Kisha pima umbali. Hospitali kubwa ya Bugando iko Mwanza, ya Muhimbili iko Dar es Salaam. Reli ya kati ilifika hapa 1914, nami naipenda, ila treni ya siku mbili si ya mtu mwenye kidole tumbo. Uliza bima yako maswali matatu, majibu yawe kwa maandishi: Je, mnalipia ndege ya wagonjwa kutoka Kigoma? Nampigia nani usiku? Mnalipa kabla au nilipe nirudishiwe?

Kinachowaumiza wageni wengi ninaowafahamu si mbu wala ziwa, ni bodaboda. Nunua helmeti yako mwenyewe, inayokubana. Usipande usiku, usipande mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Kwenye boti za mbao za kwenda vijiji vya kaskazini vaa jaketi okozi kabla ya kuondoka, likifungwa vifungo vyote, na ukiona boti imejaa mpaka maji yanagusa ubao wa juu, shuka. Watakucheka. Shuka.

Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha chanjo siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Watu

Salamu kwanza, shida baadaye. Mzee wa Kiha ukimwanza na "mwakeye" asubuhi atakuitikia na kukuuliza ukoo wako. Shikamoo isikauke mdomoni. Ujiji jisitiri ukitoka ziwani. Kanga juu ya nguo ya kuogelea ni adabu, si mapambo. Usipige picha bandarini. Msiba ukitokea mtaani, nenda, toa chako, keti na watu.

Na ukialika jamaa zako waje kuwaona sokwe kwenye hifadhi ya Gombe, wakija na mafua waache wapone kwanza. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na wanaweza kufa kwayo, na mgonjwa haruhusiwi kuwakaribia. Binamu yangu alisafiri kutoka Mombasa, akafika anapiga chafya, akakaa siku nne kwangu anakula migebuka na kulalamika. Siku ya tano akaniomba nimpeleke kuogelea. Ilikuwa saa saba mchana.